Mfuko wa lita 50 wa kudhibiti kemikali zinazomwagika barabarani: pedi nzuri, kadi mbovu

Mfuko huu unalengwa kwa malori ya mizigo ya hatari: mafuta, tindikali, thina, viuatilifu. Ni begi la turubai lenye zipu pana, linakaa nyuma ya kiti cha dereva bila kumbana. Ndani mna pedi 30 za njano, soksi 3 za kunyonya (mirija ya kitambaa) za mita 1.2, mkeka laini wa kuziba mfereji, glavu, miwani ya kukinga macho, mifuko mizito ya taka na kadi ya maelekezo iliyofunikwa plastiki. Kwa kuzuia kimiminika kisisambae, unafaa. Kwenye kutoa taarifa, mahali ambapo wengi huingia matatani, kadi yake inampoteza dereva.

Rangi ya njano kwenye pedi si pambo. Pedi nyeupe hunyonya mafuta na kuyakataa maji, kwa hiyo ukiitupa juu ya tindikali iliyozimuliwa itaelea tu. Za kijivu ni za kazi za kawaida, na za njano ndizo za kemikali. Zikiisha, usizibe pengo kwa maranda ya mbao: asidi ya nitriki au peroksidi ya haidrojeni yenye nguvu ikikutana na maranda inaweza kuwasha moto.

Mkeka ndio kifaa bora kuliko vyote humo, na ndio unaosahaulika. Watu hukimbilia pedi, kumbe kimiminika kimeshaingia mtaroni. Ziba mfereji kwanza, zungusha soksi upande wa mteremko, pedi zifuate. Fagia kokoto kabla ya kuutandika, maana kokoto moja chini ya ukingo inatosha kupitisha uvujaji.

Hizo “lita 50” zichukue kwa tahadhari. Ni kipimo cha kila kitu kikiwa kimelowa chepechepe, na pedi ya namna hiyo ukiiinua inachuruzika njia nzima. Panga kazi kwa nusu yake. Mfuko huu ni wa pipa linalovuja au tangi la dizeli lililotoboka. Lori la petroli likipinduka, chemba moja tu ina maelfu ya lita. Hapo kazi ya dereva ni kukaa mbali na kupiga simu.

Glavu ni za nitrili nyembamba. Zinavumilia dizeli, lakini asetoni inazipenya haraka. Anayebeba thina za aina hiyo anunue za butili. Koleo halimo kabisa, ingawa ADR, mkataba wa usafirishaji wa mizigo ya hatari kwa barabara, unalidai kwa vimiminika vinavyowaka na vinavyounguza, pamoja na kizibo cha mfereji na chombo cha kukusanyia.

Sasa kadi. Mstari wa kwanza: “Mjulishe msimamizi wako.” Wa mwisho: “Subiri maelekezo.” Hakuna pa kuandika namba ya UN (tarakimu nne zinazotambulisha mzigo), wala kiasi kilichomwagika, wala nani anapigia nani. Matokeo yake yanajulikana: dereva anampigia bosi na kuamini ametoa taarifa, bosi anaamini dereva amewaita zimamoto, mwenye mzigo anaamini hilo ni jukumu la msafirishaji. Saa inapita na hakuna mamlaka yenye habari.

Wajibu haupotei kwa kumpigia bosi. Marekani unamwangukia aliyekuwa na mzigo mikononi wakati wa tukio, kwa kawaida msafirishaji. Kwa matukio mazito, kama kifo, mtu kulazwa au barabara kuu kufungwa kwa saa moja, simu inapigwa mapema iwezekanavyo, isizidi saa 12, na ripoti ya maandishi inafuata ndani ya siku 30. ADR inawataja mpakiaji, aliyejaza tangi, msafirishaji, mpakuaji na hata mpokeaji. Ripoti ifike kwa mamlaka ndani ya mwezi mmoja. Petroli inaingia kwenye wajibu huo ikimwagika lita 333 au zaidi, dizeli lita 1,000. Hapa ndipo watu hujidanganya. Viwango hivyo ni vya ripoti ya maandishi, na sheria za maji na mazingira huwa na vyake. Lita 40 ndani ya mtaro unaoelekea mtoni ni simu ya papo hapo.

Geuza kadi, chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike upande wa nyuma: zimamoto, mamlaka ya mazingira, namba ya dharura iliyo kwenye hati za mzigo. Hiyo ya mwisho ijaribiwe kabla ya safari, usiku pia. Ikipokelewa na mashine, mzigo usiondoke. Chini yake acha nafasi ya mahali penyewe na upande wa barabara, lita zilizopakiwa na zilizotoka (watu huzichanganya), kama bado inavuja, majeruhi, upepo unavuma kuelekea wapi, na maji yaliyo karibu. Namba ya UN iko nusu ya chini ya kibao cha rangi ya chungwa: kikisoma 33 juu (namba ya aina ya hatari) na 1203 chini, ni petroli. Herufi X mbele ya namba ya juu maana yake mzigo huo ukiguswa na maji ni balaa, na zimamoto wanatakiwa kulisikia hilo kabla hawajafungua mpira.

Simu ya kawaida haipigwi ndani ya wingu la mvuke. Shuka na hati mkononi, tembea kuelekea upepo unakotoka, ndipo upige. Hati zikibaki kwenye kabini inayoungua, kila anayefika atakuwa anabahatisha.

Kwa ujumla nunua, kwa ajili ya mkeka na pedi. Kisha funga zipu kwa lakiri yenye namba, maana pedi hizi zinafuta dashibodi vizuri mno, na mfuko ulio wazi hurudi na pedi kumi na moja.