Besi kwa mfuko mdogo Dar es Salaam: gitaa, nyuzi, ampu na pedali ninazotumia

Kama uko Dar na hela yako ni ya kuungaunga, anza na gitaa lenyewe na fundi wa kuliseti, fuatisha nyuzi nzuri, kisha kisanduku cha DI, yaani kile cha kupeleka sauti ya gitaa kwenye mixa. Ampu kubwa iwe ya mwisho kabisa. Vijana wengi wanaoanza besi hupanga kinyume: ampu ya kutisha kwanza, gitaa linatafutwa kwa chenji iliyobaki. Mimi napiga kanisani Jumapili, na wikiendi nikiitwa napiga na bendi kwenye kumbi za harusi, Sinza, Mbagala, wakati mwingine Kigamboni. Karibu kote huko vyombo vipo tayari. Kuna mixa, kuna spika, kuna mtu wa sauti. Wewe unatakiwa uje na gitaa linaloshika tyuni na njia safi ya kupeleka sauti yake kwenye mixa.

Gitaa langu ni Yamaha TRBX174. Nililinunua mkononi kwa mwanamuziki mwenzangu aliyekuwa anahamia nyuzi tano, shilingi 450,000. Lina nyuzi nne, freti 24 (vile vichuma vya kukatiza shingo), na pikapu mbili za aina tofauti (vipande vya sumaku chini ya nyuzi vinavyokamata sauti), na hizo pikapu ndizo zilizonifanya nilichague. Ukiangalia besi nyingi za bei nafuu sokoni, utaona zinafuata magitaa mawili ya Fender: Precision ya mwaka 1951 na Jazz ya mwaka 1960. Precision tangu 1957 ina pikapu iliyogawanywa vipande viwili, na vipande hivyo vimesukwa hivi kwamba mlio wa umeme wa kimoja unafuta wa kingine. Jazz ina pikapu mbili nyembamba; ukifungua zote mbili sawasawa zinafutana, ukifungua moja peke yake inaunguruma. TRBX174 ina ile ya vipande viwili mbele na nyembamba moja nyuma, karibu na briji nyuzi zinapofungwa mwilini, na kila moja ina kitufe chake cha sauti.

Kwa kumbi zetu jambo hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Ukumbi ambao waya wa athi, ule wa kwenda ardhini, umefungwa vibaya, au haupo kabisa, unakupa mlio wa “mmmm” kwenye spika hata hujagusa uzi. Nikikutana na hali hiyo nafunga pikapu ya nyuma, nabaki na ya mbele, na mlio unapungua hadi unavumilika. Kama gitaa lako lina pikapu nyembamba moja tu, huna pa kukimbilia.

Sifa nyingine ya gitaa hili ni kwamba halitumii betri. Nimewahi kupiga kwa miezi kadhaa Ibanez GSR200 ya kuazima, ambayo ina kikuza besi kinachotumia betri ya volti 9. Ni gitaa zuri, shingo jembamba, jepesi begani, na mtu mwenye mikono midogo atalipenda zaidi ya langu. Lakini ukiacha jeki imechomekwa usiku kucha betri inaendelea kuliwa, na betri ikififia katikati ya ibada sauti inaanza kukwaruza na kunywea. Anayelichukua awe na betri ya akiba kwenye begi na azoee kuchomoa jeki kila akimaliza. Kwa mtu anayeanza bado namshauri lisilo na betri.

Kuhusu kununua Kariakoo: nenda, lakini nenda na waya wako wa jeki na uombe uchomeke kwenye ampu ya dukani. Muuzaji atakwambia “kaka, hii orijino kabisa,” na kichwani kutakuwa na jina la Fender. Jina linabandikika. Shingo haidanganyi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bonyeza hapo shingo inapoingia kwenye mwili wa gitaa, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Panapaswa kupita kitu chembamba kama kadi ya mwaliko. Ikiwa uzi umelala juu ya freti, shingo imepinda kwenda nyuma. Ikiwa kidole kinakaribia kupita, imepinda mbele. Kupinda kidogo kunarekebishika. Ila kama shingo imejisokota, yaani upande wa uzi mnene na upande wa uzi mwembamba haviko sawa ukichungulia kutoka kichwani, rudisha gitaa ukutani na umshukuru muuzaji.

Halafu piga kila freti kwenye kila uzi, zote, bila haraka, hata muuzaji akikunja uso. Freti moja iliyonyanyuka inazima noti au inatoa mlio wa kukereketa. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo: ncha za freti zikikukwaruza, fundi atazipiga tupa, lakini hiyo ni sababu nzuri ya kuomba bei ipungue. Vitufe vikikwaruza unapovizungusha si tatizo, mara nyingi ni vumbi.

Fundi nilimlipa shilingi 30,000, na sijawahi kutumia 30,000 vizuri zaidi kwenye muziki. Lile gitaa lilipotoka kwa mwenyewe nyuzi zilikuwa juu sana. Baada ya nyimbo chache vidole vilikuwa vinawaka. Fundi alikaza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki, robo mzunguko tu, akasubiri, akapima, akaongeza kidogo. Kisha akashusha nyuzi. Vipimo ambavyo Fender wenyewe huvitoa kwa besi zao ni kama milimita 2.4 kwenye freti ya 17 upande wa uzi mnene na milimita 2 upande wa mwembamba, na hapo ndipo alipolifikisha langu. Mwisho akashughulikia tyuni ya juu: unapiga uzi ukiwa umeubonyeza freti ya 12, unalinganisha na mlio wa kugusa tu hapohapo juu ya freti. Ule wa kubonyeza ukiwa juu zaidi, kile kichuma kinachobeba uzi kwenye briji kinarudishwa nyuma. Kama unapiga na kinanda, kazi hii haina mjadala, kwa sababu kinanda hakikusogelei hata kidogo.

Sasa nyuzi, na hapa ndipo joto na chumvi ya pwani vinapotutesa. Nyuzi za kawaida, zile zenye mikwaruzo zilizozungushiwa nikeli, natumia D’Addario EXL170, unene 45 hadi 100. Zikiwa mpya zinalia kama kengele. Jasho la ukumbi usio na feni likizikamata, mng’ao unaondoka upesi. Nikimaliza kupiga nafuta kila uzi kwa kipande cha kanga kikavu, juu na chini, kabla gitaa halijaingia kwenye begi. Na zikishakufa sizitupi mara ya kwanza. Nazitoa, nazikunja polepole, nazilaza kwenye chombo chenye spiriti usiku mmoja, nazikausha vizuri na kuzirudisha. Kinachoua sauti ni uchafu na mafuta ya vidole vilivyojibana kati ya mizunguko, na spiriti inavitoa. Wapo wanaozichemsha kwa maji. Inafanya kazi, lakini maji yakibaki ndani kutu inaanza.

Unapofunga uzi mpya, ukunje kwanza kona kali pale utakapokata, ndipo ukate baada ya kona. Ukikata uzi ulionyooka, mzunguko wa nje unaweza kulegea kwenye kiini, na uzi mpya kabisa unalia kama mfu. Acha urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu kwenye kikazio. Na kabla ya kulipa, soma pakiti: gitaa la inchi 34 (urefu wa uzi unaolia, hadi kwenye briji) linataka nyuzi ndefu, zile zilizoandikwa “long scale”.

Kwa upande mwingine, kama unapiga rumba na zilipendwa, fikiria nyuzi laini, zile zilizosawazishwa nje zikawa kama waya wa kupakwa mafuta. Nilifunga La Bella kwenye gitaa la pili, la zamani, na nikapata ile besi ya mviringo tunayoijua kwenye muziki wa dansi, ya Msondo na Sikinde, inayokaa chini ya magitaa ya solo na rizimu bila kugombana nayo. Nililipa karibu mara mbili ya nyuzi za kawaida, lakini hazina mifereji ya kushika uchafu, kwa hiyo zinakaa miaka. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, lebo ya muziki ya Marekani, alijulikana kwa kuacha nyuzi za aina hii kwenye gitaa lake bila kubadili. Zingatia tu kwamba mara nyingi zinavuta shingo kwa nguvu zaidi, hivyo ukihamia huko rudi kwa fundi.

Ampu. Naomba nisisitize hili kwa wadogo zangu: msichomeke besi kwenye sabufa ya nyumbani. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatoa mawimbi kama 41 kwa sekunde, na mpigo wa kidole unakuja kwa kishindo ambacho muziki uliorekodiwa hauna, kwa kuwa studio wameshaubana. Koni ya spika ndogo inasukumwa kupita uwezo wake na coili inaungua. Ampu ya gitaa la solo nayo ni vilevile ukiifungulia sana.

Kwa nyumbani nina Fender Rumble 25. Wati 25, spika ya inchi 8, tundu la hedifoni na tundu la kuchomeka simu ili ujifunze wimbo. Kwa chumba cha kupanga inatosha na kubaki, na hedifoni zinamtunza jirani. Mbele ya ngoma haisikiki, msidanganyike. Mwenye uwezo wa kuongeza hela kidogo achukue Rumble 40, ina spika ya inchi 10 na, muhimu zaidi, tundu la waya wa maiki la kwenda moja kwa moja kwenye mixa, ambalo ya 25 haina. Kushindana na ngoma bila mixa, tafuta wati 100 kwenda juu.

Kama unanunua ampu ya mtumba, soma nyuma imeandikwa volti ngapi kabla hujasikiliza sauti. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Nimeona ampu safi iliyotoka Japani ikitoa moshi ndani ya sekunde chache Mwenge, na mwenyewe hakupata hata noti moja. Ya namna hiyo inahitaji transfoma ya kushusha, na gharama yake ihesabu kwenye bei.

Pedali ni mahali ambapo hela hupotea kimyakimya. Kwa kazi zetu kitu cha kwanza ni kisanduku cha DI chenye vitufe vya kutengeneza sauti. Nina Behringer BDI21. Kinabadilisha sauti ya gitaa iwe ya kusafiri kwenye waya mrefu wa maiki bila kuokota kelele, na wakati huohuo kinaiga joto la ampu ya valvu, zile za zamani zenye taa za kioo ndani. Kitufe cha “Blend” ndicho roho yake: ukikifunga unapata gitaa lako safi, ukikifungua unachanganya ule ukali. Nakaa chini kidogo ya nusu, “Drive” chini sana. Udhaifu wake ni mwili wa plastiki. Usikikanyage kwa kiatu cha kisigino, na waya wako usining’inie kwenye tundu. Kwa bei yake, na kwa jinsi watu wa sauti wanavyofurahi nikifika nacho, sijaona cha kukishinda.

Cha pili, Zoom B1 Four. Ina tyuna, midundo ya ngoma ya kufanyia mazoezi, kompresa, na unaweza kuunganisha athari za sauti hadi tano kwa pamoja. Inaendeshwa kwa betri nne ndogo za AA, kwa hiyo umeme ukikatika mazoezi yanaendelea na hedifoni. Kompresa ndiyo ninayoiacha wazi muda wote, kidogo, ili noti za uzi mnene zisiruke juu ya nyingine. Haina tundu la waya wa maiki, ndiyo maana inatangulia na DI inafuata.

Mtu akikushauri kukata mguu wa athi kwenye plagi ili kuondoa mlio, kataa. Umeshika nyuzi za chuma na mdomo uko karibu na maiki. Tumia swichi ya kukata athi iliyoko kwenye visanduku vingi vya DI; hiyo inakata kwenye waya wa sauti tu.

Kuagiza nje kunavutia, hasa magitaa ya Harley Benton ya Thomann, Ujerumani. Ila kabla ya kubonyeza, jumlisha usafiri wa boksi refu, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa gitaa la bei ya chini hesabu hiyo mara nyingi inakurudisha Kariakoo. Kwa nyuzi na pedali, ambazo ndugu anaweza kukubebea kwenye begi, ni habari nyingine.

Kilichobaki kwangu ni nyuzi tano. Waimbaji wetu wanapenda kushuka hadi E-flati na D, na kwa nyuzi nne nalazimika kuhamia oktava ya juu pale ambapo kwaya inataka uzito. Nimejaribu za bei nafuu kadhaa. Uzi wa B, ule wa tano ulio mnene kuliko wote, kwenye nyingi unalegea, unasikia kishindo husikii noti. Nadunduliza nipate iliyo imara, na hadi hapo TRBX yangu inaendelea na kazi.