Uzoefu wangu: mafunzo ya biashara na sanduku la akiba, Nyalenda

Nina miaka 24, mama wa mtoto mmoja, na nauza omena (dagaa) ya kukaanga kando ya barabara Nyalenda, Kisumu. Mwaka jana nilijiunga na mafunzo ya biashara ndogo kwa wasichana: wiki sita za darasa, kisha kikundi cha akiba cha watu 22. Nimemaliza mzunguko mzima.

Darasani, somo moja lilinitoa tongotongo. Mkufunzi aliniambia, "Dada, hebu tupigie hesabu ya gorogoro moja." Nikasema gorogoro, lile kopo la kupimia, nanunua kwa 300 ufuoni Dunga, napanga mafungu 20 ya shilingi 20, napata 400, faida mia. Akauliza, "Na mafuta? Na makaa?" Mafuta 80, makaa 40. Nilinyamaza. Miaka miwili nimekuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupoteza shilingi 20 kwa kila gorogoro, na pengo nalijaza kwa pesa anazonitumia dada yangu kwa M-Pesa. Jioni hiyo nilipunguza ukubwa wa fungu, na tangu hapo nakaanga gorogoro tatu kwa moto mmoja. Masomo mengine, ya matangazo na kadhalika, yalipita tu.

Sanduku ndilo ninalolisifu zaidi. Ni la chuma, lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wasichana watatu, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Kila Jumanne unanunua hisa, moja hadi tano, kila moja shilingi 50, na unagongewa muhuri kitabuni mbele ya wote. Hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Kuna pia mfuko wa jamii, shilingi 20 kila mtu. Mtoto wangu alipolazwa na malaria nilipewa 1,000 siku ileile, bila riba. Zamani ningekimbilia mkopo wa simu.

Kasoro zipo na ziliniuma. Darasa lilikuwa saa mbili asubuhi, wakati sisi wa omena ndio tunanunua mzigo. Wenye watoto wachanga walisimama nje na watoto wakilia, na wanne wakaacha kabisa. Kubwa zaidi, hakuna aliyetaja kwamba uvuvi wa omena Ziwa Victoria hufungwa Aprili hadi Julai. Nilikopa 6,000 kikundini mwezi Machi, riba asilimia 10 kwa mwezi, ziwa likafungwa na deni liko shingoni. Niliuza njugu na maandazi mpaka nikalipa. Mafunzo ya biashara yanayotolewa kando ya ziwa yangeanza na kalenda ya ziwa.

Siku ya mgao, yaani kugawana akiba mwisho wa mzunguko, nilipokea 8,900. Nilinunua karai kubwa na jiko la pili, karo ya chekechea ikatoka humo humo.

Ukitaka kujiunga, nenda, ila uliza kwanza saa ya darasa na kama kuna mahali pa kuwalaza watoto. Na mkopo wa Machi uogope.