Mkebe wa lita tano, na mabuu wangu sita

Duka moja la vyombo hapa mjini liliniuzia mkebe huu kwa shilingi 450. Plastiki angavu, mfuniko wenye mpira na vibanio vinne. "Hata hewa haipiti," muuzaji aliapa. Alisema kweli, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Sikuwa nahifadhi unga. Februari tulipasua gogo la mparachichi lililooza uani kwetu Dagoretti, na chini ya gome nikakuta mabuu sita, bapa, weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, vichwa vidogo ajabu, wanatembea kama vibarua wanaolipwa kwa siku. Nikashuku ni mbawakawa wa mabawa ya wavu. Nikawatia mkebeni pamoja na vipande vya gogo, nikanyunyiza maji, nikabana vibanio vyote.

Siku ya nne kuta zilikuwa zikitiririka jasho na ukungu umetanda kama pamba. Wanne walishakufa.

Nikapasha msumari jikoni, nikatoboa mfuniko matundu kumi na kitu, nikabandika kipande cha neti ya mbu kwa ndani. Tangu hapo sina neno baya juu ya mkebe wenyewe. Unaona kila kitu bila kufungua, na ukinyunyiza mara mbili kwa wiki unyevu unatosha. Ila usiondoe gogo ukidhani unafanya usafi. Zamani wataalamu walidhani mabuu hawa ni wawindaji. Nami niliwawekea mchwa, wakapishana nao tu. Chakula chao ni majimaji ya mti uliooza, yenye kuvu na ute.

Julai, kwa baridi ile, hawakusogea. Mama akaniuliza kama nafuga maiti. Mmoja kweli akakauka. Wa mwisho akawa pupa, yaani hatua ya kati ya buu na mdudu kamili, mwezi wa Oktoba, ngozi kuukuu imemganda mkiani, na baada ya muda akatoka: rangi ya chungwa, ncha nyeusi, mabawa laini yenye mistari iliyokatana kama wavu wa samaki. Nilipomshika akatoa matone yenye harufu kali. Nikamweka kwenye jani. Kuku wa jirani akamdonoa, akamtema papo hapo, akasugua mdomo chini mara tatu. Mbawakawa akajikung'uta, akaruka zake polepole, hana haraka na mtu.

Nyota tatu kati ya tano. Nimeshanunua wa pili. Safari hii msumari ulitangulia mabuu.