Mwaka mzima na boksi za mvinyo kutoka Hombolo: uzoefu wangu

Boksi la kwanza nililipokea Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, Jumamosi jioni. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, na ubavuni mtu ameandika kwa kalamu nene: USIWEKE JUANI. Mume wangu akachukua chupa tatu akaziingiza kwenye friji, mimi nikabaki na karatasi mbili zilizokuwa chini yake. Niliposimama kuwasha taa kumbe giza lilikuwa limeingia muda mrefu.

Waliolituma ni familia ya Kigogo ya upande wa Hombolo, Dodoma: baba, mama, binti na kaka yake. Wana ekari chache za mizabibu, wanatengeneza mvinyo wao wenyewe na kuuza kwa boksi, na kila boksi linakuja na barua. Waliniomba nisiandike jina lao wala namba, kwa sababu mvinyo walio nao hauwatoshi hata wateja wa sasa. Naheshimu. Lakini nimenunua kwao mwaka mzima, nimewatembelea, nimeridhika na nimeudhika pia, na nadhani wanaopenda mvinyo wa kwetu wanastahili kujua kwamba vitu kama hivi vipo.

Nianze na nilikotoka. Mimi nimekulia Dar, na mvinyo wa Dodoma nilioujua ni ule mtamu wa kwenye kicheni pati, Dompo na wenzake. Siusemi vibaya, una watu wake na una siku yake. Ila nilikuwa naamini kabisa kwamba zabibu za Dodoma haziwezi kutoa kitu kingine. Mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, wa kunywa taratibu na chakula, nilijua ni mambo ya Afrika Kusini na Ulaya.

Barua ya kwanza ilikuwa ya binti. Alikwenda kufanya kazi msimu mmoja wa mavuno huko Trentino, kaskazini mwa Italia, ndiko inakotoka zabibu iitwayo Teroldego, ambayo familia imepanda mistari michache. Akaandika kwamba jioni ya kwanza mama mwenye nyumba aliinjika sufuria ya shaba, akamimina unga wa mahindi kwenye maji yanayochemka, akaanza kusonga. Akasonga karibu saa nzima. Kisha akaumwaga wote juu ya ubao katikati ya meza, akaukata vipande kwa uzi, na kila mtu akachukua chake na mchuzi wa nyama. Wenyewe wanauita polenta. "Nilikuwa nimejiandaa kula vitu nisivyovijua," binti aliandika, "nikakuta ugali."

Chini ya hadithi hiyo kulikuwa na maelekezo: pika ugali wa dona, rosti ya nyama ya ng'ombe isiyo na pilipili nyingi, itoe chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Nikafanya hivyo. Teroldego ni nyeusi kama juisi ya rozela iliyolazwa usiku, na ukiinywa peke yake inakaza ulimi kidogo, mpaka nilikunja uso. Nilipomeza tonge na mchuzi, halafu nikanywa, ule ukali ukalainika wote. Mafuta ya nyama yanaushika. Hilo somo nililipata mezani kwangu, kwa sahani ninayoipika kila wiki.

Barua ya kaka yake ilikuja na Chenin Blanc. Yeye alikaa Stellenbosch, Afrika Kusini, akajifunza kwamba zabibu hii asili yake ni bonde la Mto Loire, Ufaransa, lakini Afrika Kusini imekaa siku nyingi mpaka ikapewa jina la huko, Steen. Anasimulia samaki wanaochomwa kwenye makaa na kupakwa jemu ya aprikoti, kisha anasema: sisi tuna samaki wa kupaka, kwa nini tusijaribu? Nilinunua samaki changu soko la Feri asubuhi, nikamchoma, nikampaka nazi nzito yenye ukwaju, kitunguu saumu na pilipili mbuzi. Naomba niseme wazi: katika vyote nilivyoonja mwaka huu, hiki ndicho kilichonipata. Tui la nazi hukaa mdomoni, linafunika kila kitu. Chenin ile ina uchachu kama wa ndimu, inasafisha, unarudi kwa samaki kama vile ndiyo kwanza unaanza. Shemeji yangu, ambaye huwa hanywi zaidi ya soda, aliomba aonje mara ya pili.

Sasa kilichoniudhi. Boksi la Februari lilifika na chupa moja ambayo kizibo kilikuwa kimesukumwa nje na pembeni kuna michirizi iliyokauka. Basi lilichelewa sana njiani, mzigo ukashinda juani. Mvinyo ule ulikuwa umepikika, una ladha ya jemu iliyoungua. Nilipiga simu nikiwa na hasira. Mama mwenyewe alipokea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, usiumwage kwanza, nipigie picha ya kizibo." Wiki hiyohiyo zikaja chupa mbili badala ya moja, na tangu hapo mizigo yao ya Dar inasafiri kwa basi la usiku. Lakini ukweli ni kwamba zaidi ya karatasi ya kaki na maneno ubavuni, boksi lenyewe bado halina kinga dhidi ya joto. Kwa Sh 75,000 chupa tatu, bila nauli ya mzigo, nategemea kifungashio bora kuliko hicho. Nimewaambia, na nitaendelea kuwaambia.

Agosti nikaenda kuwaona. Treni ya umeme kutoka Dar imerahisisha sana safari hii. Niliondoka alfajiri na kabla ya saa sita mchana nilikuwa Hombolo, baada ya kuunga na gari la kukodi kutoka mjini. Baba alitupokea kwa "Mbukwenyi!" na akatupeleka moja kwa moja shambani, jua likiwa kali na upepo wa Dodoma ukipeperusha vumbi jekundu mpaka kwenye meno.

Ziara hiyo ni Sh 50,000 kwa mtu pamoja na chakula, na mimi ningelipa hata kama ningemsikiliza Baba tu. Nilikuwa najiuliza mzabibu unawezaje kuzaa mara mbili kwa mwaka. Akaeleza kwamba kule Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Majani yanapukutika, unapumzika, ukiamka unazaa mara moja. Huku hakuna baridi ya namna hiyo. "Kwa hiyo sisi ndio tunaoulaza," alisema. Unaunyima maji, kisha unaupogoa, na kutoka siku ya kupogoa mpaka kuvuna ni kama miezi minne. Mavuno ya Februari na Machi yanaangukia mvua: zabibu zinavimba maji, sukari inapungua, na ubwiri, ugonjwa wa ukungu, ukiingia unaweza kupoteza mstari mzima. Ya Agosti na Septemba hukuta ukame na usiku wa baridi. Mvinyo wao mzuri wote ni wa Agosti, na sasa naelewa kwa nini barua zao huandika mwezi wa mavuno kabla ya kitu kingine.

Alituonyesha pia mizabibu ya zamani zaidi, Makutupora nyekundu. Baba yake aliipata kwa pingili, enzi ambazo zabibu zilikuwa bado zinahusishwa na misheni ya Bihawana, ambako wamisionari wa Kiitalia walizipanda katika miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya misa. Kwa miaka mingi familia iliuza zabibu mbichi tu. Kisha ukaja msimu mmoja ambao wanunuzi hawakutokea, na kichala kilichoiva hakisubiri. Zikaozea shambani. Alipofika hapo Baba alinyamaza, akang'oa jani moja lililokauka, akaendelea kutembea. Mama ndiye aliyemalizia jikoni: mwaka uliofuata walikamua sehemu ya mavuno wenyewe, wakauza mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyokamuliwa, kwa watengenezaji wakubwa wa mvinyo, na ule uliobaki ndio uliokuja kuwa mvinyo wao wa kwanza.

Chumba cha kutengenezea ni kidogo, safi, kina matangi manne. Zabibu nyekundu zinachachuka pamoja na maganda yake, maana rangi na ule ukali viko kwenye ganda. Makapi hupanda juu na kutengeneza kifuniko kizito, na mara tatu kwa siku mtu huyasukuma chini kwa mti mrefu. Nilipewa nijaribu. Mikono iliniuma siku mbili.

Chakula kilikuwa ugali wa uwele, mbuzi wa kuchoma na mlenda. Makutupora nyekundu na yule mbuzi ni ndugu. Ina harufu ya zambarau zilizoiva na moshi kidogo, na nyama ile iliyochomwa kwa chumvi tupu haikutaka kingine. Mlenda ukagoma. Kila nilipoufuatisha na mvinyo, mdomo ulijaa ladha ya chuma. Nilisita kusema, nikiwa mgeni, lakini Mama alikuwa ananiangalia. "Mlenda hautaki mwenzie," alisema, akanisogezea maji. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Muuzaji mwingine angeniambia kila kitu kinaendana na chupa yake.

Ukibahatika kupata nafasi kwao, nenda asubuhi, vaa kofia na viatu vya kufunika, na kama hupendi mvinyo mkavu sema mapema, kwa kuwa wana mmoja wa utamu wa kiasi ambao hawautaji mpaka uulize. Watoto wanakaribishwa, kuna juisi ya zabibu kwa ajili yao. Kivuli ni kimoja tu, cha mbuyu, na baada ya saa nane mchana hakifiki kwenye meza.

Nimeshalipia boksi la Novemba. Barua itakuwa ya Baba mwenyewe, ambaye mwaka huu alipanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kuona mizabibu ya Stellenbosch, na binti ameniambia wamemwachia aandike kwa urefu anaotaka.