Nilivyotendewa nilipoboresha makala ya Kikabyle kwenye kamusi elezo ya mtandaoni

Mhariri aliyefuta kazi yangu hakutumia hata robo saa kuisoma. Nilihifadhi mabadiliko usiku, nikainuka kunyoosha mgongo, na niliporudi nikakuta makala ya Kiswahili kuhusu Kikabyle, katika kamusi elezo ambayo hujinadi kwamba kila mtu anaweza kuihariri, imerudishwa kama ilivyokuwa mwanzo. Muhtasari aliouacha kueleza sababu ulikuwa wa kukata maneno: "Haina vyanzo. Lahaja haihitaji sarufi." Vyanzo vilikuwapo, tena nilikuwa nimeviweka chini ya kila aya, pamoja na namba za kurasa.

Kabla sijaigusa, makala hiyo ilikuwa mbegu, yaani makala changa ya mistari michache, iliyodai kwamba Kikabyle ni lahaja ya Kiarabu inayosemwa na watu wa milimani. Hilo si kosa dogo la kupitiwa hivi hivi. Kikabyle ni lugha ya Kiberberi, nazo lugha za Kiberberi zimo katika familia kubwa ya Kiafrika-Kiasia. Undugu wake na Kiarabu ni wa mbali, kama ulivyo undugu wake na Kisomali, au na Kiiraqw cha Mbulu kwetu Tanzania, na sidhani kama yupo anayethubutu kumwambia Mwiraqw kwamba anasema lahaja ya Kiarabu. Husemwa hasa katika mikoa ya Tizi Ouzou, Béjaïa na Bouira, kwenye milima ya Djurdjura na kandokando yake, mashariki ya Algiers, mji mkuu wa Aljeria, na vilevile na wahamiaji wengi walioko Ufaransa. Niliishi Tizi Ouzou nilipokuwa mwanafunzi, katika nyumba ya bibi mmoja ambaye wapangaji wote tulimwita Nna, kama Wakabyle wanavyomwita kwa heshima mwanamke aliyewazidi umri, na bibi huyo Kiarabu alikisema kwa shida. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba lugha yake ni lahaja ya Kiarabu, umemtukana usoni.

Lililoniuma zaidi ni sehemu ya sarufi. Katika Kikabyle nomino nyingi zina sura mbili. Mwanamume ni argaz, na sentensi ikianza naye husemwa argaz yusa-d, yaani mwanamume amekuja. Lakini akitajwa baada ya kitenzi, husemwa yusa-d wergaz. Nyumba ya mwanamume nayo ni axxam n wergaz. Katika sentensi yečča wergaz aɣrum, yaani mwanamume amekula mkate, ni sura hiyo ya pili inayomwonyesha msomaji nani amekula na nini kimeliwa, kwa sababu mkate, ambao ni mtendwa, unabaki katika sura yake ya kawaida. Asiyeielezwa kanuni hii hawezi kuifuata hata habari fupi ya Kikabyle. Nilitengeneza jedwali, nikaweka mifano, nikaeleza kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa sekondari angekielewa.

Niliporudisha sehemu hiyo, mhariri yule yule akaja tena, na safari hii hakufuta. Alipita akabadili kila wergaz kuwa argaz, kisha akaandika: "Makosa ya chapa." Jedwali la sura mbili za nomino likabaki na safu mbili zenye neno lile lile, na chini yake maelezo yangu yakiendelea kumwambia msomaji atazame tofauti. Sijui ni ujasiri gani humfanya mtu asahihishe lugha asiyoijua hata salamu zake.

Nilikwenda kwenye ukurasa wa majadiliano, nikaandika kwa adabu, nikataja kamusi ya Jean-Marie Dallet iliyochapishwa Paris mwaka 1982 na sarufi ya Mouloud Mammeri ya mwaka 1976. Jibu lilikuwa kwamba nilete chanzo cha Kiswahili, au angalau cha Kiingereza, ambacho "sisi tunaweza kukikagua". Aljeria ilitawaliwa na Ufaransa, kwa hiyo sehemu kubwa ya maandiko kuhusu Kikabyle iko kwa Kifaransa, na sarufi ya Mammeri imeandikwa kwa Kikabyle chenyewe. Mammeri huyo ndiye ambaye mhadhara wake kuhusu mashairi ya kale ya Kikabyle ulipigwa marufuku Tizi Ouzou mwezi Machi 1980, na maandamano yaliyofuata, pamoja na kukamatwa kwa watu mwezi Aprili, yanakumbukwa hadi leo kwa jina la Tafsut Imaziɣen, yaani Majira ya Kuchipua ya Waberberi. Wanafunzi walisusia shule mwaka wa masomo wa 1994/95 ndipo Kitamazight, jina la pamoja la lugha za Kiberberi, Kikabyle kikiwemo, kikaanza kufundishwa; kikawa lugha ya taifa mwaka 2002 na lugha rasmi mwaka 2016. Mambo hayo yote nilikuwa nimeyaandika katika sehemu ya historia, nayo yalifutwa pamoja na mengine kwa kubofya mara moja.

Nikisema haki, mfumo wenyewe haukunipotezea kitu, kwa kuwa historia ya makala huhifadhi kila toleo. Baada ya muda mkabidhi mmoja, yaani msimamizi wa kamusi elezo hiyo, aliyasoma majadiliano, akarudisha aya za uainishaji na za historia, akanishukuru kwa maneno ya kiungwana, na makala ikaacha kusema habari za lahaja ya Kiarabu. Wakati huo nilikuwa tayari kutoa nyota nne na kuwahimiza walimu wenzangu wote wajiunge.

Lakini jedwali halijarudi. Mkabidhi ameomba lisubiri hadi "pande zote zikubaliane". Pande zipi? Sijapata kukutana na mwalimu wa Kikabyle anayefundisha yusa-d argaz, na kanuni hii haina wafuasi na wapinzani. Upande mmoja umeleta vitabu vyenye namba za kurasa, upande wa pili umeleta hisia zake kuhusu tahajia, na huduma inayoziona hizo kuwa hoja mbili za uzito mmoja siwezi kuipa nyota nne, wala tatu. Nilipoanza kuandika maoni haya nilikusudia mbili. Sasa naweka moja, na hiyo ni ya mkabidhi.

Anayetaka kuhariri makala ya lugha za Kiberberi aandike kwanza kwenye kompyuta yake, aweke chanzo kwa kila sentensi, na asihifadhi sehemu nyingi kwa mkupuo, maana zitafutwa kwa mkupuo. Jedwali langu kamili nimelibandika kwenye ukurasa wa majadiliano, pamoja na kurasa za Dallet. Mwenye kujua Kikabyle na Kiswahili aingie alisome, na kama lina kosa, alionyeshe ni lipi.