Wamemkata Herman Munster kichwa, na mimi bado nalipa

Nisingeandika kama yule kijana wa huduma kwa wateja asingecheka. Wapo wanaochelewa kupokea simu, wapo wanaokuzungusha, hayo nimeshayazoea. Lakini unapiga kwa salio lako, unaeleza tatizo taratibu, mtu anacheka, kisha anakwambia: "Mama, hiyo picha ni ya zamani, ndivyo ilivyo. Si uangalie mpya, zipo za rangi nyingi tu."

Sivyo ilivyo! The Munsters na The Addams Family, vichekesho vya Marekani vya familia za kutisha, zilitengenezwa kwa TV za enzi zile, kioo kilichokaribia mraba. Hii programu ninayoilipia kila mwezi imetaka picha ijae kwenye TV pana za leo, na ili ijae imefyeka juu, imefyeka na chini. Robo nzima ya picha imekwenda. Mwenye kalamu apige hesabu: picha ya nne kwa tatu, ukiilazimisha iwe kumi na sita kwa tisa, robo inatupwa.

Na kwenye robo hiyo kuna nini? Kuna kichwa cha Herman, baba wa The Munsters! Fred Gwynne aliyemcheza alikuwa mrefu, karibu mita mbili, wakamvalisha viatu vya soli nene, wakamtengenezea utosi bapa na mshono kwenye paji la uso. Universal, waliotengeneza The Munsters, ndio hao hao wenye filamu za kale za Frankenstein na Dracula, kwa hiyo sura ile ni yenyewe hasa, si ya kuigiza kwa mbali. Mimi naletewa nyusi, pua na kidevu. Mwanangu wa mwisho alikaa nami siku moja akauliza, "Mama, huyu baba mbona hana paji la uso?" Nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyemkata. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa wamemla Herman kuanzia utosini.

Upande wa pili, The Addams Family, ni hivyo hivyo. Ted Cassidy, yule aliyecheza Lurch, mtumishi wa nyumba, alipita mita mbili, na akiitwa kwa ile kamba ya kitanzi anatokea papo hapo, amesimama nyuma ya mgeni kama mnazi. Kwangu anatokea shingo. Thing, ule mkono unaoishi kisandukuni na kumpa Morticia, mama mwenye nyumba, barua zake, mara kadhaa umeangukia chini ya picha, ukaona barua inapanda yenyewe.

Mtu atasema ni vichekesho tu, vina umri wa bibi, kwa nini nijipandishe presha? Kwa sababu utamu wote uko usoni. Sisi tunaona zimwi, Lily, mke wa Herman, anaona mume mzuri. Majirani wanapiga mbio, familia yenyewe haijui kwa nini. Na Marilyn, mpwa wao, msichana mrembo kuliko wote nyumbani mle, ndiye anayeonewa huruma: maskini, kwa sura ile ataolewa na nani? Wanamhurumia kwa mapenzi kabisa, hakuna anayemsimanga. Babu mtu ni Al Lewis, baba yake Lily, na kwa umri wa kweli Yvonne De Carlo aliyecheza Lily alimzidi kama miezi minane hivi. Ukitazama huwezi kuamini, mzee ni mzee. Hiyo ni kazi ya uso. Ukikata uso umebaki na nini? Vicheko vya kurekodiwa.

Halafu Gomez na Morticia, mume na mke. John Astin, ndiye Gomez, akisikia neno moja tu la Kifaransa kwa Carolyn Jones, ndiye Morticia, anaanza kumbusu kiganjani anapanda mpaka begani, na hapo wana watoto wawili na mama mzee ndani. Herman na Lily wanalala kitanda kimoja, wakati kwenye vichekesho vingi vya Marekani vya siku zile mume na mke walitengewa vitanda viwili, kila mmoja na taa yake. Mazimwi ndio walioonyesha ndoa yenye joto. Hilo nalipenda kuliko mazingaombwe yote ya Babu kule chini.

Familia hizi mbili zilianza mwezi mmoja, Septemba 1964, moja kituo cha TV cha ABC na nyingine CBS, na kufika katikati ya 1966 zote zilikuwa zimeshafungwa. Misimu miwili miwili tu. Kilichobaki ni kidogo, na kidogo hicho ndicho mnachokikatakata!

Nilikuwa nimeipa programu hii nyota moja. Nikaona ni nyingi, wapewe sifuri, na yule kijana apelekwe kitengo kisichoongea na watu. Juzi usiku nikafungua ile ambayo Morticia anakata mawaridi, maua yanaanguka, anabaki anapanga vikonyo vyenye miiba kwenye chombo huku amefurahi kabisa. Mwanangu alicheka mpaka akashika tumbo. Picha ile ile iliyokatwa. Sasa nimwambie nini, kwamba tunafunga akaunti? Kwingine nilikotafuta sikuzipata zote mbili pamoja.

Basi nyota nne, na sitaki mtu aniulize. Ya tano naishikilia mpaka warudishe picha ilivyokuwa, na weusi pembeni, kushoto na kulia, uachwe. Mwisho wa mwezi watakata hela yao kama kawaida, na nitaiacha ikatwe. Ila simu nitapiga tena, na safari hii nataka kuongea na msimamizi.