Kijiko cha kazi nne kwenye trekta la shamba: tathmini baada ya misimu miwili ya mvua

Huku kwetu mtu akisema "kijiko" anaweza kuwa na maana ya mtambo mzima unaochimba mitaro. Kwa hiyo niseme tangu mwanzo kwamba ninachokipima hapa ni lile bakuli la chuma, au baketi kwa lugha ya mafundi, linalofungwa mbele ya trekta lenye loda, yaani mikono ya chuma ya kuinulia mzigo, na hasa la aina inayofunguka katikati. Nyuma pana bamba lililosimama, lenye makali yake chini. Mbele pana taya lililoning'inizwa juu kwa pini, na silinda mbili za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta yenye shinikizo, moja kila upande, hulifungua na kulifunga taya hilo dereva akiwa kitini. Likifungwa, unapata kijiko cha kuchotea kama vingine vyote. Likiinuliwa lote, bamba la nyuma husukuma udongo kama katapila. Likiachwa wazi kidogo, mzigo humwagika chini kwa kipimo huku trekta likitembea. Na likifungwa juu ya kitu, linauma. Hizo ndizo kazi nne zinazokipa jina.

Kifaa chenyewe si kigeni machoni. Aliyewahi kumtazama dereva wa JCB 3CX akifukia mtaro wa bomba la maji huenda amekwisha kukiona, kwa kuwa mtambo ule huweza kufungwa kijiko cha mbele cha namna hii, ingawa kampuni hukihesabia kazi sita. Wala si kipya: katika miaka ya 1950 kampuni ya Drott ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ilikuwa ikikiuza kwa mashine za minyororo za kampuni ya International, na huko Uingereza jina la Drott likaja kuwa jina la mashine yoyote ya kupakilia yenye minyororo, kama sisi tulivyozoea kuliita lori lolote la wastani Fuso. Kipya kwetu ni kukifunga kwenye trekta la kilimo, ambalo kwa asili yake halikuundwa kwa kazi ya ujenzi, na hapo ndipo maswali yote ya tathmini hii yanapoanzia.

Chetu kina upana wa mita 1.8 na ujazo wa mita za ujazo 0.4. Kimefungwa kwenye trekta la nguvu za farasi 75 linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, katika shamba la parachichi na ng'ombe wa maziwa mkoani Njombe.

Kilichonifanya nikipende ni taya. Nguzo ya uzio iliyooza ilikuwa ikitoa jasho la watu watatu na mnyororo, na mara nyingi ilikatikia ardhini, kipande cha chini kikabaki kuchimbuliwa kwa sururu. Sasa dereva huteremsha kijiko taya likiwa wazi, huibana nguzo kati ya taya na bamba, kisha huinua loda taratibu; nguzo hutoka wima na kuwekwa kwenye tela bila mkono wa mtu kuigusa. Visiki vidogo vya mikaratusi hutoka hivyohivyo, ilimradi mizizi imekatwa kwanza. Magogo nayo hubebwa vizuri, kwa sharti moja ambalo dereva wetu alilijifunza kwa kutishwa na mlio wa chuma: gogo lazima libanwe katikati. Likibanwa kwenye pembe ya kijiko, nguvu yote huangukia upande mmoja, na taya huanza kujipinda mbele ya macho yako.

Faida ya pili sikuitarajia. Kijiko cha kawaida kinapomwaga, ncha yake huinama, kwa hiyo mikono ya loda hulazimika kupanda juu ya ubavu wa gari kwa kiasi kilekile ncha inachoshuka. Hiki humwaga kwa kufungua taya, bamba likiwa bado limesimama. Nilipopima kwa futi ya kamba kando ya tipa la Fuso, nilipata takribani sentimita 40 za nafasi ya ziada kati ya ubavu wa gari na sehemu ya chini kabisa ya kijiko. Kwa trekta ambalo loda yake ni fupi, sentimita hizo ndizo zinazoamua kama mchanga utapakiwa kwa mashine au kwa makoleo. Zaidi ya hapo, mchanga huanguka katikati ya bodi taratibu, haupigi ubavu kwa kishindo.

Kwa barabara za ndani ya shamba nakipa alama nzuri, si za juu kabisa. Mvua za Njombe, zinazoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, huikata njia yetu ya kuelekea kwenye banda la kukusanyia matunda kila mwaka. Dereva hujaza moramu, hufungua taya kiasi cha vidole vinne, kisha huendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, na tabaka hulala nyuma ya makali kwa unene unaokaribia kuwa sawa. Halafu hurudi kinyumenyume, taya likiwa limefungwa na kijiko kikiburuzwa kwa mgongo, ili kulainisha. Usawa wa greda haupatikani, maana loda hufuata kila bonde ambalo magurudumu ya mbele yanaingia, lakini maji hayatuami tena njiani na kenta ya mnunuzi inafika.

Kazi ya kusukuma, ile ya katapila, ndiyo niliyoitegemea zaidi na ndiyo iliyoniangusha. Kosa si la kijiko. Mikono ya loda ya kilimo imeundwa kuinua mzigo kwenda juu, si kupokea msukumo wa trekta zima kutoka mbele, na kona ya bamba ikigonga jiwe lililozikwa, pigo hilo husafiri hadi kwenye fremu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Tunasukuma udongo uliokwisha kulegezwa tu, kwa gia ya chini, na kamwe hatushambulii ukingo mgumu kwa kuuendea mbio. Anayehitaji kusawazisha kiwanja kizima akodi katapila kwa siku moja. Atatumia fedha kidogo kuliko kunyoosha loda.

Sasa uzito, jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Kijiko chetu kina kilo 410, na cha kawaida cha upana huohuo tulichokuwa nacho kina kilo 230. Loda yetu imeandikiwa uwezo wa kuinua kilo 1,300 hadi juu kabisa. Mchanga mbichi wa mita za ujazo 0.4 hukaribia kilo 760. Ukijumlisha na kijiko chenyewe unapata kilo 1,170, na mtu anaweza kudhani zimebaki kilo 130 za salama. Hazijabaki. Uwezo huo kwa kawaida hupimwa kwenye pini zinazoshikilia kijiko, ilhali mzigo hukaa karibu nusu mita mbele ya pini hizo, na kila sentimita kwenda mbele hupunguza kinachoweza kuinuliwa. Kwa mchanga mbichi, basi, tunajaza robo tatu tu. Kwa mahindi makavu, ambayo ujazo huohuo hauzidi kilo 300 kwa mengi, swali hilo halipo.

Uzito wa mbele hudai uzito wa nyuma. Tulijaza zege kwenye pipa la lita 200, tukachomelea fremu ya kulifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma, na hesabu ya zege peke yake ni karibu kilo 480. Kabla ya pipa hilo, gurudumu la nyuma liliwahi kuinuka kwenye mteremko mdogo, mzigo ukiwa juu, jambo ambalo sitaki kuliona tena. Kwa matrekta yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma, ambayo ndiyo mengi mashambani mwetu, singeshauri kijiko hiki hata kidogo: ekseli ya mbele ni nyepesi, na usukani huwa mzito kiasi cha kumchosha dereva kabla ya saa nne asubuhi.

Upande wa haidroliki ndio uliotuletea usumbufu wa kweli. Loda ya kawaida ina njia mbili za mafuta, moja ya kuinua na nyingine ya kuinamisha. Taya linahitaji njia ya tatu. Muuzaji wetu, ambaye sitamtaja, alituhakikishia kwamba kijiko kimekamilika, na kweli kilikuwa kamili kwa maana ya chuma: kilifika bila mipira ya haidroliki, bila viunganishi, bila valvu, na kikakaa chini ya mwembe kwa wiki tano tukitafuta vifaa. Mnunuzi aulize swali hilo kabla ya kulipa, na majibu yaandikwe kwenye ankara.

Njia ya tatu hupatikana kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni valvu ya umeme inayoazima mafuta kutoka kwenye njia ya kuinamisha: ukibonyeza kitufe kwenye leva, mafuta huenda kwenye taya, ukikiachia hurudi kwenye kijiko. Ni ya bei nafuu na fundi wa kawaida anaweza kuifunga, ila huwezi kuinamisha kijiko na kufungua taya kwa wakati mmoja. Ya pili ni valvu inayojitegemea, ambayo haina kizuizi hicho lakini inagharimu zaidi na huhitaji mtu anayeijua pampu ya trekta lako. Tulichagua ya kwanza. Katika kupakia mchanga kasoro yake haionekani. Katika kutandaza moramu, ambapo mkono hutaka kurekebisha vyote viwili kila baada ya hatua kadhaa, huonekana siku nzima.

Kuhusu uimara, chuma chenyewe hakijanipa shaka, na makali yamefungwa kwa bolti, kwa hiyo yakilika hubadilishwa bila kuchomelea. Tatizo liko kwenye maungio. Pini za taya zina nipeli za grisi nne, na kijitabu kinataka zipigwe kila siku ya kazi. Tulipozembea kwa mwezi mmoja wa kiangazi, bushi ya kushoto, ile pete ya chuma inayozungukia pini, ilichezacheza na taya likaanza kufunga upande. Kokoto nazo hupenda kukwama kwenye mstari ambapo taya hukutana na bamba, na moja tu yatosha kuacha mwanya ambao mchanga mkavu huvuja njia nzima. Dereva amezoea kufungua na kufunga mara mbili hewani kabla ya kuchota. Tahadhari kubwa zaidi ni hii: usiburuze kinyumenyume taya likiwa limefunguliwa lote na ncha yake imekandamizwa ardhini, kwa sababu fimbo za silinda zikiwa zimetoka nje zote hupinda kwa urahisi, na fimbo iliyopinda hula sili zake, yaani mipira inayozuia mafuta kuvuja, ndani ya siku chache.

Bei yake ilikaribia mara mbili ya kijiko cha kawaida, bila kuhesabu valvu na mipira. Kwa mtu ambaye kazi yake ni moja, kwa mfano kupakia mchanga kutwa nzima, hiyo ni fedha ya kununua uzito asiouhitaji. Kwetu sisi, ambako asubuhi ni nguzo, mchana ni moramu na jioni ni magogo, imerudi kwa kupungua kwa vibarua wa kukodi na kwa siku ambazo hatukulazimika kusubiri mtambo wa watu.

Kijiko cha zamani hatukukiuza. Kiko kando ya banda la ng'ombe, na siku za samadi dereva hukifunga hicho, kwa kuwa nyasi ndefu za malalio hujisokota kwenye maungio ya taya na kuyaziba. Kubadilisha huchukua dakika tano, au kumi kama tope limekauka kwenye pini.